Siku nne Sipi kwa baiskeli na gari la kambi: mwongozo wa watu wawili

Ukiwa na siku nne tu, usijaribu kuizunguka Uganda. Watu wengi wakishapata gari lenye kitanda ndani huanza kuorodhesha: Jinja, Sipi, Ziwa Mburo, Bunyonyi. Kutoka Kampala hadi Kabale, mji wa karibu na Bunyonyi, peke yake ni zaidi ya kilomita 400, na siku nzima itaishia kwenye matuta na malori. Ushauri wangu ni huu: gari likae mahali pamoja, baiskeli ndizo zitembee. Mwongozo huu nimeuandikia Sipi, kwenye mabega ya Mlima Elgon, kwa sababu mimi na mume wangu hatujapata mahali pengine nchini palipo na miteremko, baridi, kahawa na watu wema katika eneo dogo namna ile.

Hatua ya 1: Kubalianeni kabla ya kufungua ramani

Kila mmoja aseme waziwazi anataka nini. Pengine mmoja anatafuta mteremko wa kumtetemesha mikono, na mwenzake anataka kupiga pedali taratibu hadi mahali penye kikombe cha kahawa, akae, aangalie bonde. Yote mawili yanawezekana Sipi, ila yasemwe nyumbani. Yakianza kusemwa katikati ya mlima huku mtu anahema, hayasikiki vizuri.

Kisha pimeni mwendo. Wikendi moja kabla ya safari, nendeni pamoja kwenye njia ya vumbi yenye vilima, saa tatu mfululizo, kwa kasi ya yule wa polepole. Andikeni mmekwenda kilomita ngapi. Huo ndio uwezo wenu wa nusu siku, na mkifika Elgon upunguzeni kwa theluthi, kwa kuwa Sipi iko kwenye mita 1,800 hivi juu ya usawa wa bahari na hakuna njia isiyopanda. Kwa watu wenye mazoezi ya wastani, kilomita 20 hadi 25 za njia ya vumbi ni siku kamili. Mpango mzima upimwe kwa miguu ya yule wa polepole. Mwenye nguvu akitaka zaidi, aamke alfajiri azunguke peke yake kabla ya chai.

Kuna mawili mengine ya kukamilisha wakati huu, na mengi ya safari yanayategemea. La kwanza: wote wawili mjue kuliendesha hilo gari. Dereva akianguka na kuvunjika mkono, nani atalishusha gari hadi hospitali ya Mbale? Kama mmoja hana leseni, au hajawahi kushika gari refu lenye gia za mkono, basi tafuteni mtu wa tatu, au nendeni Jinja ambako msaada uko karibu. La pili: funguo mbili za gari, kila mmoja na wake, ndani ya mfuko wenye zipu. Ufunguo mmoja kati ya watu wawili walioachana njia panda ni tatizo linalosubiri kutokea.

Hatua ya 2: Chagueni mahali kulingana na muda

Mkiwa na nafasi ya kulala nje mara moja tu, Msitu wa Mabira unatosha. Uko kwenye barabara ya Jinja, kama kilomita 50 kutoka Kampala, na njia zake zimefunikwa na kivuli cha miti mikubwa. Lindeni chakula dhidi ya nyani.

Mkiweza kulala mara mbili, nendeni Jinja. Njia za vumbi zinazofuata mto Nile hazina milima mikali, vijiji viko karibu karibu, na jioni mji upo kwa anayetaka mji.

Anayependa wanyama anaweza kufikiria Hifadhi ya Ziwa Mburo. Hakuna tembo pale, na wageni huruhusiwa kuendesha baiskeli kati ya pundamilia na pofu wakisindikizwa na askari wa Mamlaka ya Wanyamapori, UWA. Hilo mlipange na UWA mapema. Msifike langoni na baiskeli mkitarajia kufunguliwa tu.

Mkilala mara tatu au zaidi, Sipi. Kutoka Kampala ni karibu kilomita 280.

Na msomaji wa Kitale au Eldoret, wewe uko jirani kuliko sisi wa Kampala. Barabara ya kutoka mpakani Suam hadi Kapchorwa, mji wa karibu na Sipi, kilomita 73, sasa ni ya lami, na inapita Bukwo ikiuzunguka mlima upande wa kaskazini. Uwe na kitambulisho au pasipoti, cheti cha homa ya manjano, hati za gari, na kadi ya njano ya bima ya COMESA. Lugha haitakusumbua. Wasabiny ni ndugu wa Wakalenjin, na Kiswahili kinasikika sokoni Kapchorwa kuliko sehemu nyingi za Uganda.

Hatua ya 3: Chagueni mwezi kwa umakini

Hapa ndipo wengi wa Kampala hukosea, kwa sababu Elgon haifuati kalenda ya jiji. Kampala ikikauka kidogo mwezi Juni na Julai, upande wa mlima mvua inaendelea. Usiku wa kuamkia tarehe 31 Julai 2022 mito ilifurika ikaua watu mjini Mbale. Mwishoni mwa Novemba 2024 udongo uliporomoka na kufukia nyumba Bulambuli, wilaya mnayoipita mkielekea Sipi. Udongo ule ni wa volkano, una rutuba ya ajabu, na ukinywa maji kupita kiasi unashuka na kila kilicho juu yake. Hata bila maafa, siku ya mvua unakuwa ulimbo: tairi zinajaa, gia ya nyuma inavutwa na matope, na miteremko haishikiki.

Mimi nasema Januari na Februari. Katikati ya Desemba pia ni pakavu, ila wiki ya Krismasi nusu ya Kampala iko njiani kurudi vijijini na barabara ya Jinja haipitiki kwa raha. Mvua kubwa ikinyesha siku mbili kabla ya safari, piga simu huko mnakokwenda uulize hali ya barabara. Wakisema msije, msiende, Jinja ipo.

Mwezi Agosti wa miaka inayogawanyika kwa mbili ni msimu wa Imbalu, tohara ya Wagisu, inayofunguliwa Mutoto karibu na Mbale. Ngoma za kadodi zinajaza barabara na vijana wanacheza kutwa. Ni jambo la heshima kulishuhudia, lakini mtu asilichanganye na safari ya baiskeli.

Hatua ya 4: Gari

Si lazima muwe na gari la kifahari. Kampala na Entebbe kuna kampuni zinazokodisha Land Cruiser na RAV4 zenye hema juu ya paa, pamoja na jiko la gesi, sufuria na viti. Wengine hukodi au huazima Hiace, hutoa viti vya nyuma, hupigilia kitanda cha mbao, na safari inakwenda. Kwa wawili wenye baiskeli mimi napenda Hiace, kwa kuwa baiskeli zinalala ndani, chini ya kitanda au pembeni yake. Zikikaa ndani hazivutii macho ya mwizi, hazili vumbi la malori, wala hazitikiswi na matuta.

Mkiziweka ndani, toeni gurudumu la mbele. Kama breki ni za diski zinazotumia mafuta, chomekeni kipande cha kadibodi ngumu mahali diski inapopita, kati ya pedi mbili. Mtu akigusa mkono wa breki gurudumu likiwa nje, pedi hubana na hazirudi bila fundi. Mkizifunga nyuma ya gari, hakikisheni hazifuniki taa wala namba ya gari, na kamba za magurudumu mzikague kila mnaposimama kujaza mafuta.

Kabla ya kulipa pesa za kukodi, kagueni breki, tairi na tairi ya akiba, jeki, na taa zote. Mlima wa Sipi una kona zinazojikunja, na gari litabeba maji, gesi, baiskeli na watu. Ulizeni pia kimo cha gari pamoja na hema la paa, kwa sababu malango mengine ya kambi yana mihimili ya chini.

Hatua ya 5: Baiskeli na vipuri

Baiskeli za mjini zinazouzwa kwa jina la baiskeli za mlimani hazitoshi kwa miteremko hii. Mnahitaji breki zinazouma, gia nyepesi ya kupandia, na tairi pana zenye meno.

Mafundi wa baiskeli wapo kila kituo cha biashara Uganda, na ni hodari. Lakini maduka yao yanahudumia baiskeli nyeusi za mizigo, zile zinazobeba matooke na madumu ya maji. Msitarajie kupata huko tyubu ya inchi 29 au pedi za diski. Bebeni kutoka Kampala tyubu mbili kwa kila baiskeli, viraka na gundi, pedi za akiba, kiungo cha kuunganishia mnyororo, na kile kipande kidogo cha chuma kinachoshikilia gia ya nyuma, maana ndicho kinachopinda baiskeli ikiangukia upande wa kulia. Pampu, spana za pembesita, mafuta ya mnyororo, kitambaa.

Tazameni valvu. Ile nene inafanana na ya gari na pikipiki, kwa hiyo fundi yeyote wa boda boda anaweza kukujazia upepo. Ile nyembamba inahitaji kigeuzi kidogo cha shaba. Nunueni viwili, vifungeni kwenye funguo.

Siku tatu kabla ya kuondoka pelekeni baiskeli kwa fundi, siyo siku moja. Akigundua mnyororo umelika, mpate muda wa kubadilisha na kuujaribu.

Hatua ya 6: Siku ya kwanza, barabarani

Tokeni Kampala ili kukipambazuka muwe mmeshapita Mukono. Mkichelewa hadi saa moja asubuhi, foleni itawala saa mbili bila sababu. Lugazi jihadharini na malori ya miwa. Fungueni kinywa kwa kuku wa kuchoma na gonja, yaani ndizi za kuchoma, za barabarani, mkono wa kushoto ukiwa tayari kufunga dirisha wauzaji wakizidi. Pale Jinja msisimame juu ya daraja jipya la Nile, lililofunguliwa mwaka 2018, ili kupiga picha. Ni marufuku na askari wapo.

Baada ya Iganga, kateni kushoto Nakalama mfuate barabara ya Tirinyi hadi Mbale. Ni tambarare, imepita kwenye mabonde ya mpunga, na usingizi humpata dereva hapo. Badilishaneni usukani. Mbale kuleni chakula cha mchana; mkibahatika kupata malewa, machipukizi ya mianzi yaliyokaushwa kwa moshi na kupikwa kwa karanga, msiyaache. Jazeni mafuta, toeni pesa taslimu, na ombeni noti za shilingi 1,000, 2,000 na 5,000. Huko juu hakuna mwenye chenji ya elfu hamsini.

Baada ya Sironko barabara inageuka na kuanza kupanda ukuta wa mlima. Pandeni kwa gia ndogo, msishindane na matatu. Lengeni kufika saa tisa au saa kumi alasiri. Jua huzama karibu saa moja, na kutafuta mahali pa kuegesha gari refu gizani, kwenye genge, ni hatari.

Hatua ya 7: Kambi

Mahali muwe mmepazungumza kwa simu. Maswali ni manne: gari la aina hii linaingia? Kuna ardhi iliyolala sawasawa? Tunalipa kwa gari au kwa kichwa? Choo na maji viko wazi usiku? Msilale kando ya barabara, hata kama mandhari inavutia.

Egesheni pua ya gari ikielekea lango, jiwe nyuma ya tairi. Usiku kuna baridi ambayo mtu wa Kampala haitegemei, kwa hiyo blanketi nzito mbili. Chandarua bado kinahitajika. Maji ya mto msiyanywe bila kuyachemsha, japo yanaonekana safi yakitoka mlimani.

Jambo moja nalisisitiza kwa nguvu zote: msiingize jiko la mkaa ndani ya gari ili kupasha joto, wala msipike kwa gesi milango ikiwa imefungwa. Moshi wa mkaa una hewa yenye sumu isiyo na harufu, na watu hulala wasiamke. Pikeni nje, jiko libaki nje hadi asubuhi.

Hatua ya 8: Siku ya pili na ya tatu, juu ya baiskeli

Tafuteni mwongozaji wa kijijini. Njia nzuri hapa hazikuchorwa kwa ajili ya baiskeli. Ni vijia vya watu wanaokwenda shambani, sokoni na kisimani, na vinapita katikati ya kahawa na migomba ya wenyewe. Mwongozaji anajua wapi pa kuomba ruhusa na wapi kijia kinaishia kwenye genge. Mwambieni: "Kaka, tunataka njia ambayo baiskeli hizi zitapita, siyo ya miguu tu, na huyu mwenzangu hapendi mteremko wa mawe." Mchagueni mwenye baiskeli yake. Bei ikubaliwe kabla ya kuanza, na mtaje kama ndani yake mna ada za wenye mashamba yanayopakana na maporomoko ya maji, kwa sababu hukusanywa njiani, moja baada ya nyingine.

Siku ya pili iwe ndiyo siku kubwa, miguu ikiwa bado mibichi. Anzeni saa moja na nusu asubuhi. Asubuhi mtakutana na wanariadha barabarani. Kapchorwa ndiyo iliyomtoa Stephen Kiprotich, mshindi wa marathoni ya Olimpiki London mwaka 2012, na Joshua Cheptegei, dhahabu ya mita 10,000 Paris mwaka 2024, na vijana wanaofuata nyayo zao wanakimbia kwenye njia hizo hizo. Wapeni nafasi, hasa kwenye kona.

Yule wa polepole atangulie mkipanda, ili mwendo wake ndio uwe mwendo. Mkiteremka, mwenye ujuzi atangulie na asubiri kwenye kila njia panda, bila kuondoka mpaka ameona uso wa mwenzake. Kila mmoja abebe maji yake, tyubu yake, simu yake na pesa zake. Mkubaliane neno moja, "simama", ambalo likitamkwa halihojiwi: mtu anasimama kwanza, maelezo baadaye.

Kwenye mteremko mrefu msing'ang'anie breki muda wote. Bana, achia, bana, achia, zote mbili kwa pamoja, ukiinua makalio kidogo na kusogea nyuma ya kiti. Mkisikia harufu ya kuungua, pumzikeni dakika kumi. Msiiguse diski kwa mkono.

Mkitaka mteremko wa raha, shukeni kwa barabara ya lami kutoka Sipi kuelekea tambarare. Mbele yenu mnaona nchi yote ikiwa imelala hadi Karamoja, na Mlima Kadam umesimama peke yake. Kurudi juu, lipeni pikapu iwapandishe na baiskeli. Wengine hushauri mmoja aendeshe baiskeli na mwenzake alete gari. Mimi sikubaliani nao: mmekuja pamoja, na gharama ya pikapu si kubwa kulinganisha na kumwacha mwenzako kwenye usukani. Jaribuni mapema, kabla malori hayajawa mengi, na mkae kushoto.

Njia za ndani ya Hifadhi ya Mlima Elgon ni habari nyingine. Kuna kiingilio, na baiskeli zinahitaji ruhusa ya UWA. Kituo chao cha Kapkwai hakiko mbali na Sipi. Ulizeni kule kwanza.

Siku ya tatu iwe nusu. Asubuhi zunguko fupi, saa mbili hivi. Baada ya hapo oneni jinsi kahawa ya arabika ya huku inavyokobolewa, kukaangwa kwenye sufuria na kutwangwa kwa kinu, kisha mnywe iliyotoka kinuni. Maporomoko ya Sipi ni matatu, na lile kubwa linaanguka karibu mita 100. Liendeeni kwa miguu, baiskeli zikiwa zimefungwa garini.

Mtu akiumia, hospitali ya serikali iko Kapchorwa mjini, na hospitali kubwa ya rufaa iko Mbale. Hifadhini namba ya mwenye kambi kwenye simu zote mbili, na simu zenyewe zichajiwe usiku.

Hatua ya 9: Kurudi

Usiku wa mwisho osheni baiskeli, kausheni, pakeni mafuta mnyororo, zipangeni garini. Taka zote, pamoja na kila kaveera (mfuko wa plastiki), zirudi nanyi hadi Mbale.

Ondokeni saa moja asubuhi. Kabla ya kuanza kushuka, dereva ajaribu breki akiwa bado kwenye tambarare, kisha ashuke kwa gia ya pili, injini ikilizuia gari. Mkiwa mnarudi Jumapili, fahamuni kwamba kuanzia saa kumi jioni magari yote ya mashariki yanakutana Mukono. Kuna njia mbili: mpite pale kabla ya saa tisa, au muongeze usiku mmoja juu ya siku zenu nne, mlale Jinja na kuingia Kampala Jumatatu baada ya saa nne asubuhi. Sisi huchagua Jinja. Ndiyo maana kwenye mkataba wa gari la kukodi muombe tangu mwanzo kulirudisha Jumatatu mchana, na muandikiwe saa hiyo kwenye karatasi.